Nishtaki wapi? Mwongozo wa migogoro ya biashara za mtandaoni kwa walio Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Maswali ni yale yale. Muuza mchele wa Mwanjelwa ametuma magunia kwa basi kwenda Dar es Salaam. Mteja aliyeagiza kupitia Instagram amepokea mzigo, kisha akazima simu. Kesi ifunguliwe Mbeya au Dar? Fundi wa Mafinga ameagiza China mashine ya kupasulia mbao, imefika yenye injini ndogo kuliko aliyolipia. Mahakama ya hapa inaweza kumwita muuzaji aliye Guangzhou? Mkulima wa parachichi Rungwe amepatana bei na mnunuzi wa Nairobi kwa WhatsApp peke yake. Huo nao ni mkataba?

Intaneti haina mahakama yake. Kila mgogoro mwishowe hutua mahali penye ardhi: anapoishi au anapofanyia biashara mdaiwa, mkataba ulipofanyika au ulipovunjwa, au mahali ambapo nyinyi wenyewe mlikubaliana. Lakini kabla hujauliza mahakama ipi ina mamlaka, uliza mali ya mtu huyo iko wapi. Hukumu ya Mbeya dhidi ya mtu asiye na hata kiti nchini haikurudishii shilingi. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata swali hilo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina kamili la mtu au kampuni. Jina la ukurasa wa Instagram halishtakiwi. Kama ni kampuni au jina la biashara, litafute kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uandike kama lilivyosajiliwa, herufi kwa herufi.
- Mahali anapopatikana: mtaa, kata, wilaya. "Yuko Kariakoo" haitoshi kumpelekea wito.
- Simu ile ile iliyotumika kwenye mazungumzo. Usiiuze, usiirudishe kwenye hali ya kiwandani, usibadilishe namba.
- Taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu au benki. Meseji ya muamala inasaidia, ila taarifa rasmi ina uzito zaidi.
- Risiti ya basi au ya msafirishaji, ankara, picha za mzigo kabla haujafungwa.
- Vigezo na masharti ya tovuti au programu, kama yalivyokuwa siku uliyonunua.
- Hesabu ya unachodai kwa shilingi: bei, nauli ya mzigo, hasara nyingine unayoweza kuithibitisha.

Hatua ya 1: Tenganisha deni na utapeli

Hapa ndipo wengi wanapoteza miezi. Mteja halisi aliyepokea mchele akashindwa kulipa ana deni, na deni ni madai ya mahakamani. Polisi si wakusanya madeni. Ukimpeleka huko kwa deni la kawaida utaishia kuzungushwa. Lakini mtu aliyetumia jina la uongo, picha za bidhaa asizokuwa nazo, au aliyejifanya wakala wa kampuni fulani tangu mwanzo, huyo ametenda jinai.

Kama ni utapeli, fanya mambo matatu siku hiyo hiyo. Piga 100 kwa mtandao wako wa simu uombe fedha zizuiwe kama bado hazijatolewa. Hapa dakika zina maana kuliko wakili. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeiweka kwa kazi hiyo. Kisha nenda kituo cha polisi ufungue jalada na uchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni.

Usikubali kuambiwa "nenda ukashtaki alikokuwa mtu huyo". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inazipa mahakama za Tanzania mamlaka pale kosa lilipofanyika lote au sehemu yake nchini, na pia pale kompyuta au mtu aliyelengwa alipokuwa nchini, bila kujali uraia wa mkosaji. Aliyekutapeli akiwa ng'ambo ya Tunduma bado ameingia kwenye sheria hiyo. Kumkamata ni kazi nyingine, lakini jalada linaweza kufunguliwa.

Onyo: jalada la polisi halisimamishi muda wa kudai. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na madai ya madhara yasiyotokana na mkataba, kama kashfa, ni miaka 3.

Hatua ya 2: Funga ushahidi kabla ya kugombana

Ukianza kwa matusi, mwenzako atafuta ukurasa na atakublock. Kwa hiyo ushahidi kwanza, maneno baadaye.

Piga skrinishoti zinazoonyesha namba ya simu, si jina ulilomhifadhia. "Mteja Dar 2" haimwambii hakimu chochote. Tarehe na saa zionekane. Mazungumzo yaanzie kwenye oda hadi mwisho bila kuruka. Ukikata sehemu, upande wa pili utasema umeficha kilichokuumiza. Hamisha mazungumzo yote ya WhatsApp kama faili uyatume kwenye barua pepe yako. Kwa tovuti, nakili anwani nzima ya ukurasa.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, na inakubali pia mkataba uliofanywa kwa ujumbe. Kwa hiyo, ndiyo, mapatano ya WhatsApp ya yule mkulima wa Rungwe ni mkataba, mradi bidhaa, kiasi, bei na kukubali kwa pande zote vinaonekana. Kinachopimwa mahakamani ni uaminifu wa ushahidi: ulitunzwa vipi, nani aliutoa kwenye simu, na aliyeutuma anatambulikaje. Andaa kiapo kinachosema simu ni ya nani, ya aina gani, nani alipiga skrinishoti, lini, na zilichapishwa kwa kifaa gani. Skrinishoti nzuri isiyo na maelezo hayo hupingwa na wakili wa upande wa pili asubuhi ya kwanza.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni seva. Haijalishi seva ya WhatsApp iko nchi gani. Kwa sheria hiyo hiyo, ujumbe huhesabiwa kuwa umetumwa kutoka mahali pa biashara ya mtumaji na kupokewa mahali pa biashara ya mpokeaji, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Uyole ni Uyole hata kama data inalala Ulaya.

Hatua ya 3: Soma ulichokubali

Tafuta kwenye masharti maneno kama "sheria itakayotumika", "mahakama", "usuluhishi" au "mamlaka ya kipekee". Huwa yako karibu na mwisho, na ndiyo yanayoamua kila kitu. Anayetumia kwa biashara huduma za Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, kwa mfano, amekubali kwamba mgogoro wake na kampuni hiyo uende kwenye mahakama za California. Anayesafirisha kontena amekubali yaliyo nyuma ya hati ya shehena hata kama hakuyasoma.

Usidhani mahakama zetu zitapuuza masharti hayo kwa huruma. Katika Rufaa ya Madai namba 98 ya mwaka 2016, kati ya Sunshine Furniture na Maersk (China), Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliheshimu kifungu cha hati ya shehena kilichopeleka mgogoro Mahakama Kuu ya Uingereza, mjini London. Mzigo ulikuwa wa mfanyabiashara wa hapa.

Lakini tofautisha mtu na jukwaa. Mkataba wako na Meta ni tofauti na mkataba wako na mteja aliyekukuta kwenye Facebook. Kifungu cha California hakimlindi mteja wa Dodoma aliyekula mbao zako.

Hatua ya 4: Chagua mahali

Kama mdaiwa yuko Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inakuruhusu kufungua anapoishi mdaiwa, anapofanyia biashara au kazi, au pale ambapo chanzo cha madai kilitokea, chote au sehemu yake. Maneno "sehemu yake" ndiyo yanayomsaidia mtu wa Mbeya. Chanzo cha madai ya mkataba kinaweza kuwa mahali mkataba ulipofanyika, mahali ulipotakiwa kutekelezwa, au mahali malipo yalipotakiwa kupokelewa. Muuza mchele aliyepokea oda akiwa Mwanjelwa, akapakia mzigo stendi ya Mbeya, na alitakiwa kulipwa Mbeya, ana hoja nzuri ya kufungua Mbeya.

Je, ufungue Mbeya kwa sababu unaweza? Inategemea. Ukifungua nyumbani unaokoa nauli na siku za kulala wageni. Ukifungua Dar, mdaiwa hana kisingizio cha umbali na dalali wa mahakama yuko karibu na mali. Hukumu ya Mbeya inaweza kuhamishiwa Dar ikatekelezwe huko, ila ni hatua ya ziada. Kwa deni dogo ambalo mdaiwa halipingi sana, fungua nyumbani. Kwa mdaiwa mkaidi mwenye duka linalojulikana, fikiria kumfuata aliko.

Mdaiwa akiwa Zanzibar, kumbuka Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na mahakama zake za chini. Zinakutana na zetu kwenye Mahakama ya Rufani tu. Tafuta wakili anayefanya kazi kule.

Hatua ya 5: Pima kiasi

Shauri hufunguliwa kwenye mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka. Kwa viwango vilivyowekwa na marekebisho ya mwaka 2016:

- Mahakama ya Mwanzo: madai ya mali inayohamishika na madeni ya mkataba hadi shilingi milioni 30.
- Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi: hadi milioni 200 kwa madai yasiyo ya ardhi wala nyumba. Shauri likiwa la kibiashara, kikomo ni milioni 70.
- Zaidi ya hapo: Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Mbeya, Iringa, Songea na Sumbawanga.

Madai mengi ya mtandaoni yanaishia Mahakama ya Mwanzo, na hilo ni jambo jema. Shauri linakwenda kwa Kiswahili, gharama ni ndogo, na unaweza kujisimamia. Usiongeze chumvi kwenye madai ili yaonekane makubwa: ukivuka kiwango utarudishwa mlangoni na ada umeshalipa. Na usigawanye deni moja vipande ili likae chini ya kiwango. Kipande ulichokiacha nje huwezi kukidai tena baadaye.

Hatua ya 6: Peleka notisi ya madai

Iandike kwa ukurasa mmoja: nani, mlikubaliana nini na lini, alilipa au hakulipa kiasi gani, unadai kiasi gani, na siku ngapi unampa. Siku 14 zinatosha. Itume kwa WhatsApp ile ile mliyofanyia biashara na kwa barua pepe, kisha nakala ya karatasi kwa basi au posta yenye risiti. Usiweke vitisho vya polisi wala vya kumweka mtandaoni. Ukimwanika Facebook kabla ya hukumu unaweza kujikuta wewe ndiye mdaiwa wa kashfa.

Notisi hizi zinafanya kazi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa ikiwa imetaja mahakama utakayokwenda na skrinishoti zimeambatanishwa.

Hatua ya 7: Fungua shauri

Mahakama ya Mwanzo, nenda na nyaraka zako; karani atakuelekeza fomu na ada. Kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, nyaraka hupokelewa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, kwa hiyo skani kila kitu kisomeke. Kwenye hati ya madai weka aya mbili ambazo wasiojua huzisahau: aya inayoeleza kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka ya mahali (taja chanzo cha madai kilichotokea hapo), na aya inayotaja thamani ya madai. Zikikosekana, pingamizi la awali litakuja kabla hata ushahidi haujasikilizwa.

Hatua ya 8: Akiwa nje ya nchi

Fuata mpangilio huu, usianze na mahakama.

Kwanza jukwaa. Kama ulilipa ndani ya jukwaa kama Alibaba kwa mpango wenye ulinzi wa malipo, fungua mgogoro humo ndani kabla muda ulioandikwa kwenye oda haujaisha. Muuzaji akikuomba "ufunge mgogoro kwanza nikurudishie", usifunge. Akikuomba ulipe nje ya jukwaa ili bei ipungue, hapo ulinzi wote unaondoka, na kwa oda ya kwanza punguzo hilo halistahili hatari yake.

Pili kadi. Ukiwa umelipa kwa Visa au Mastercard, iandikie benki yako kupinga muamala. Nafasi hii huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo andika mara unapoona mzigo si wenyewe. Fedha uliyomtumia mtu moja kwa moja kwenye simu au akaunti yake haina mlango huo.

Tatu usuluhishi, kama mkataba una kifungu chake. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa New York mwaka 1964, na China, India, Kenya, Zambia, Uingereza na Marekani nazo zimo. Maana yake ni kwamba uamuzi wa msuluhishi unaweza kutekelezwa kule aliko mdaiwa kwa njia iliyonyooka kuliko hukumu ya mahakama. Ila ni ghali. Kwa mashine ya milioni tano, gharama zitaila mashine yenyewe.

Nne mahakama. Hukumu ya Tanzania haivuki mpaka yenyewe. Hata hukumu za nje kusajiliwa hapa chini ya Sura ya 8, sheria ya kutekeleza hukumu za nje, ni kwa nchi zilizotajwa tu. China na Marekani hazimo. Fungua Tanzania kama mtu wa nje ana tawi, wakala au mali hapa. Kama hana, tafuta wakili wa kwao au ukubali hasara mapema. Kwa wanaouza kuvuka Tunduma na Kasumulu ushauri ni mfupi: fedha iingie kabla lori halijavuka.

Kifungu cha kuweka kwenye ankara yako ijayo

Nakili hiki, ubadilishe jina la mji:

"Makubaliano haya yanaongozwa na sheria za Tanzania Bara. Yamefanyika Mbeya na malipo yatapokelewa Mbeya. Mgogoro wowote utajadiliwa kwanza ndani ya siku 14 tangu taarifa ya maandishi. Ukishindikana, utafunguliwa katika mahakama yenye mamlaka iliyopo Mbeya pekee. Taarifa zitatumwa kwa namba ya WhatsApp na barua pepe zilizoandikwa hapa."

Kitume kabla ya kupokea fedha, na mteja ajibu "nimekubali". Ukikituma baada ya mzigo kuondoka hakimfungi. Fahamu pia kwamba makubaliano yanachagua kati ya mahakama zenye mamlaka. Hayawezi kuipa Mahakama ya Mwanzo shauri la milioni 50.

Yakikwama

*Mdaiwa amebadilisha namba.* *106# inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako tu, si cha mwenzako. Kampuni ya simu haitakupa jina la mteja wake. Huombwa na polisi wenye jalada au kwa amri ya mahakama. Omba amri hiyo.

*Ameleta pingamizi kwamba mahakama haina mamlaka.* Rudi kwenye hatua ya 4, uonyeshe kwa ushahidi kilichotokea Mbeya: ujumbe wa kukubali oda, risiti ya basi, wakala ulikopokelea malipo ya awali. Ukiona pingamizi lina nguvu, omba kuliondoa shauri kwa ruhusa ya kulifungua upya panapostahili, badala ya kusubiri litupwe.

*Umeshtakiwa wewe, na mahakama ni ya nje.* Usinyamaze na usikurupuke kujibu. Ukiingia ukajibu hoja za msingi bila kupinga mamlaka, umeyakubali. Hukumu ya nje inaweza kukataliwa hapa ikiwa mahakama iliyoitoa haikuwa na mamlaka, haikuamua kiini cha mgogoro, au hukusikilizwa, lakini lazima uwe umejilinda mapema.

*Mtu amekashifu biashara yako akiwa nje.* Mahali madhara yalipotokea pana uzito. Mwaka 2002 Mahakama ya juu kabisa ya Australia, katika kesi ya Dow Jones na Gutnick, ilimruhusu mkazi wa Victoria kushtaki nyumbani kwa makala iliyowekwa kwenye seva za New Jersey. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila wakili wako anaweza kuutumia kama hoja.

*Mtu amesajili jina la biashara yako kama tovuti ya .com.* Huhitaji mahakama ya Marekani. Kuna utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, tangu 1999. Kupitia WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, ada ni dola 1,500 kwa majina 1 hadi 5 yakiamuliwa na mwamuzi mmoja. Lazima uthibitishe una haki ya alama hiyo, mwenzako hana haki halali, na alisajili na kulitumia kwa nia mbaya.

*Umeshinda, halipi.* Omba utekelezaji. Mpe dalali wa mahakama orodha ya mali: gari na namba zake, duka, akaunti ya benki aliyokuwa akikulipa kupitia hiyo. Namba ya akaunti iliyo kwenye risiti yako ya kwanza kabisa ndiyo mara nyingi inayomaliza kazi, kwa hiyo usiitupe.